Mayai ya Mama na Bei ya Wingu

Dada yangu hakulia kwenye msiba wa mama. Nalisema mapema kwa sababu lilisemwa sana, na waliolisema hawakujua alikuwa wapi wakati wao wakipangusa macho. Alikuwa nyuma ya nyumba, amepiga magoti ndani ya banda la kuku, anaokota mayai na kuyafunga kwenye mtandio wake.

Asubuhi ile mjomba, kaka wa mama, ndiye aliyeshika usukani wa jiko. Watu walikuwa wengi, kitoweo hakikutosha, na mjomba husema kila jambo kama mtu anayefungua mkutano. "Wageni hawali machozi," alisema, akaamuru kuku wa marehemu wachinjwe. Hakubakiza hata mmoja. Mimi na dada tulipopata habari, maji yalikuwa yameshamwagika, tena ya moto, juu ya manyoya.

Wale hawakuwa kuku wa kwenda kununua wengine. Walikuwa wa shingo tupu, wafupi, wakali, sura zao hazitazamiki mara mbili, na mama aliwarithi kwa mama yake. Alikuwa akiwasema kama majirani: huyu mchoyo, yule ana wivu, huyu hajui kulea. Watu waliwacheka, lakini ugonjwa ukipita mtaani kuku wa wengine walikufa na wa mama walibaki wanachakura. Sasa walikuwa kwenye sufuria. Kilichosalia ni mayai kwenye viota, mengine bado yana joto la matumbo, na hayo ndiyo aliyoyaokota dada. Aliondoka nayo jioni ile ile, ameyapakata safari nzima, na wenye midomo yao wakaongeza: hakulia, halafu kaondoka na mayai.

Dada anaishi kwa kutotolesha vifaranga. Mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mama Vifaranga, basi. Kile chumba kilichokuwa cha wanawe, ambao wameshaoa na kuolewa, ndimo ilimo mashine yake, ndefu kama kabati la nguo, yenye kioo kidogo mlangoni na feni inayonguruma usiku na mchana. Watu huleta mayai, yeye huyalaza, na baada ya wiki tatu wanakuja kuchukua vifaranga. Ni kazi ya kukosa usingizi. Miaka mingi dada hakuwahi kulala nje ya nyumba yake. Harusini hukaa mpaka sahani inapofika, akala, akaaga. Hata mama alipougua, alikuwa anakuja asubuhi na kurudi jioni kwa sababu ya mashine, na hilo linamuuma mpaka leo.

Kwa hiyo muuza mashine alipomletea kidude cha kulinda joto, alikipokea kwa mikono miwili. Kinafungwa ubavuni mwa mashine, kina betri na laini yake, na joto likishuka au likipanda kinaandika barua pepe. Ila kuna njia mbili. Ukilipa ada ya mwaka, barua inaingia papo hapo na simu inapiga kelele, tena simu zote mbili, ya mke na ya mume. Na chochote dada anachoandika kwenye daftari la simu yake kinatokea palepale kwenye simu ya mumewe, kwa kuwa vyote vinakaa huko wanakokuita kwenye wingu. Usipolipa, barua zinakuja vilevile, lakini simu ndiyo inayokwenda kuzichungulia kwa wakati wake, kama mtu anayepita posta akikumbuka. Na la daftari, kila mtu na lake.

Shemeji yangu ni mtu mwema. Aliendesha malori mpaka mgongo ukakataa, hajawahi kumpandishia dada sauti, na ana mkono wa birika usio na mfano. "Mvua yenyewe inatoka mawinguni na hatuilipii," alisema, "leo nilipie wingu la simu?" Muuza mashine akawapa mwezi mmoja wa bure, wajaribu.

Mwezi ule shemeji aliufaidi kuliko mtu yeyote. Kabla yake, dada alikuwa akimtajia vya kununua, naye akivuka barabara tu anasahau, anarudi na sabuni ile ile aliyoinunua jana. Sasa dada akiandika "kitunguu" akiwa jikoni, simu ya shemeji inakitoa akiwa dukani, na nikamsikia kwa masikio yangu akiwaringishia wenzake. Lakini neno la kulipa likitajwa, anakuwa kiziwi. "Nitalipa," alikuwa anasema. Na akibanwa sana: "Tuone kwanza tutakosa nini."

Mayai ya mama yalilazwa mwezi huo huo, kwenye trei ya juu peke yake, kila moja na alama ya msalaba kwa penseli. Dada aliyamulika kwa tochi akaona mishipa ya damu, dalili ya uhai. Siku ile alinipigia simu kuniambia hilo tu, kwamba yana mishipa, na akakata.

Mjomba naye alikuwa na haraka zake. Kabla hata vumbi la kaburi halijatulia alishafungua shauri la mirathi, na barua ya wito ikatufikia: watoto wa marehemu wafike wote, mmoja asipokuwepo shauri linaahirishwa, na nyumba ya mama itakaa na kufuli mpaka kikao kingine, huenda mwakani. Tarehe iliangukia kwenye zile siku tatu za mwisho kabla mayai hayajaanguliwa.

Siku tatu za mwisho, nikueleze, ndizo zinazoua. Mayai hayageuzwi tena. Maji yanaongezwa kwenye beseni la ndani mpaka kioo kinafunga ukungu, na mlango haufunguliwi kwa lolote, maana ukifunguliwa kifaranga hukaukia ndani ya ganda akiwa ndiyo kwanza anatafuta njia. Swichi ya joto ni ya kuzungusha, na dada ameiwekea alama ya rangi ya kucha mahali pake. Joto likitosha, mashine inajizimia moto kwa mlio mdogo, tik. Likipungua inawasha, tik. Dada huusikia mlio ule hata akiwa uani anafua, na asipousikia huja mbio na povu mikononi.

Tuliondoka naye alfajiri. Ndani ya basi alikuwa anamwandikia mumewe kwenye daftari la simu, kidole kimoja kimoja: usifungue mlango, usiguse swichi, ukiona kitu nipigie. Akaangalia ujumbe, akaangalia dirisha, akaangalia ujumbe tena.

Ofisi ya mirathi ilikuwa ghorofani. Korido ndefu, benchi za mbao zilizong'arishwa na makalio ya wenye shida, na mwisho wake mlango mmoja uliofungwa. Mlangoni alisimama askari mwenye kisanduku. Hakuna anayeingia na simu. Unaizima mbele yake, unaiweka kisandukuni, unaingia. Mjomba alikuwa ameshafika, suti na kalamu mbili mfukoni. Dada alikaa na simu mapajani, haisemi kitu, na nilimwona anaanza kupumua. Kimya kilikuwa na maana moja tu mwezi mzima ule: mambo ni salama.

Jua lilikuwa limeshapanda shemeji alipopiga.

"Mama watoto, nina habari njema," alisema. Dada alikuwa ameweka sauti kubwa, nami nikasikia. "Ule mwezi wa bure umeisha tangu jana, na simu iko vilevile. Mashine inanguruma, mimi nakunywa chai, na hela yetu iko mfukoni."

"Umeisha? Si ulisema umelipa?"

"Nilisema nitalipa. Sasa tumekosa nini? Toka asubuhi kimya."

Dada alikata simu, akanigeukia. "Kwa hiyo hiki kimya si kimya," aliniambia.

Alifungua barua pepe kwa mkono wake. Ilikuwepo. Umeme umekatika, joto linashuka. Iliandikwa wakati sisi bado tuko ndani ya basi, na simu haikuwa na haraka ya kumwambia. Akapiga nyumbani. Namba inatumika. Akapiga tena, inatumika, maana kumbe shemeji naye alikuwa anampigia yeye, wawili hao wanagongana hewani kama watu wanaopishana mlangoni. Nilimshika mkono asipige, ili asubiri. Ikaita.

"Nimeiona barua," shemeji alisema, anahema. "Imeingia sasa hivi. Usiwe na wasiwasi, nimeshaongeza joto."

"Umeongeza?"

"Nimezungusha mpaka mwisho. Barua inasema joto linashuka, ulitaka niliimbie?"

"Baba watoto, hiyo barua ni ya asubuhi."

"Imeingia sasa hivi, nimeiona inaingia."

"Imeingia sasa, imeandikwa asubuhi. Umeme ulikatika?"

"Labda nilipokuwa dukani. Nimerudi nikaukuta upo."

"Basi joto lilisharudi lenyewe," dada alisema taratibu. "Nilikuandikia usiguse swichi."

"Wapi?"

"Kwenye daftari. Toka alfajiri."

"Kwangu la mwisho ni sabuni na viberiti," shemeji alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kuelewa.

Nilitaka kuchukua ile simu nimpe maneno yake. Mwanamume aliyekuwa akinunua tairi jipya kabla la zamani halijaisha, eti hawezi kulipia kitu kinacholinda roho! Lakini dada aliniwekea mkono gotini, akaendelea kuuliza. Skrini ya mashine inasemaje? Nyeusi, ina tabia ya kununa umeme ukikatika, haiwaki mpaka fundi aje kuibembeleza. Kipimajoto cha ndani? Hakionekani, kioo kimejaa ukungu.

"Nifungue kidogo nichungulie?"

"Usifungue. Weka simu kwenye mlango wa mashine. Ibane hapo, unyamaze."

Tukainama wote wawili juu ya ile simu, masikio yamegusana. Nilisikia feni. Nilisikia pumzi ya shemeji. Dada alifumba macho. Tulikaa hivyo mpaka shingo yangu ikauma, na ule mlio haukuja.

"Moto haujazima," alisema. "Unawaka tu moja kwa moja. Rudisha swichi kwenye alama yangu. Kwenye rangi nyekundu, si juu yake, si chini yake."

Tik. Hata mimi niliusikia.

"Umezima. Sasa fungua tundu la hewa la juu, la juu peke yake, halafu rudisha simu mlangoni usiiondoe." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ndogo: "Joto likishuka mpaka panapofaa, utawaka wenyewe. Tutausikia mlio. Ukiwahi kulia, mayai hayakupata moto sana. Kadiri utakavyochelewa ndivyo yalivyoungua."

Niliogopa kuuliza utachelewa kiasi gani. Tulisubiri. Watu walipita na mafaili yao, mtu mmoja akauliza choo kiko wapi, na nikatamani nimzibe mdomo. Feni ilikuwa inanguruma ndani ya simu, hakuna kingine.

Mlango ukafunguliwa. Karani akaita jina la mama, jina lake kamili, ambalo sisi hatukuwahi kumwita.

Mjomba alisimama, akanyoosha koti. Dada hakusimama. Mjomba akarudi hatua mbili. "Tunaitwa. Kuna nini?"

"Mayai," nilimwambia mimi.

"Kikao cha watu wazima kisimame kwa ajili ya mayai?"

Dada aliinua macho. Hakupaza sauti wala hakumkosea heshima usoni. "Mjomba," alisema, "wewe ulishakula."

Mjomba akaingia ndani peke yake. Karani akaita mara ya pili. Nilijua hesabu anayoifanya dada, maana nilikuwa naifanya mimi pia: akibaki pale, mlango wa mama haufunguliwi, akiingia, hatajua kama ule mlio ulikuja au haukuja, na kama kuna la kufanya, hatakuwepo kumwelekeza mtu. Nyumbani ni mbali, hata akikimbia hawahi. Akasimama. Alikwenda mpaka kwa askari, simu ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.

"Izime, mama," askari alisema.

"Siwezi kuizima. Naomba uishike."

"Humu hata waziri anazima."

"Usiongee nayo. Isikilize tu. Kuna mlio utalia, tik, kama swichi ya taa. Ukilia angalia saa, basi. Kuna mtu upande wa pili, mwambie ukiwa umeusikia."

Askari alimwangalia vile wanavyowaangalia watu waliochanganyikiwa na mirathi, na nadhani wamewaona wengi. "Ni mlio wa nini?"

"Mashine. Kuna mayai ya mama yangu ndani."

"Mama yako mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye tunayeitiwa humu."

Hakucheka. Aliitazama ile simu, akatazama korido upande huu na upande ule, kisha akaichukua kutoka mikononi mwake na kuibana sikioni. Kwa mkono mwingine akatusukumia mlango.

Ndani sikusikia nusu ya yaliyosemwa. Msajili alikuwa mama wa miwani, mpole, mwenye kuuliza taratibu, na upole wake ulinitia wazimu. Mjomba alieleza ukoo mpaka akafika kwa babu wa babu. Dada alijibu kwa ndiyo na hapana huku anauviringisha mtandio wake, anaukunjua, anauviringisha. Kila hatua ikisikika nje anageuza kichwa. Nikaanza kuomba, na mimi si mtu wa kuomba ovyo.

Msajili akafika kwenye mali. Nyumba, akaandika. Kitanda, meza, redio, cherehani mbovu. "Mifugo?"

"Hakuna," mjomba alisema.

"Mheshimiwa, acha nafasi hapo," dada alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema neno zaidi ya moja.

"Ipo au haipo?"

"Bado sijajua."

Msajili alimtazama juu ya miwani kwa muda. Mjomba alikuwa anaangalia kalamu zake. Msajili aliruka mstari, akaendelea na mashamba ambayo mama hakuwa nayo. Tulisaini, tukatia dole gumba, tukaambiwa funguo za nyumba zitakabidhiwa kwetu, na ningekuwa na furaha kama ningekuwa na nafasi ya kuwa nayo.

Tulitoka. Askari alikuwa amesimama pale pale, kisanduku amekiweka benchini, simu sikioni, na foleni ya watu mbele yake imenyamaza bila kujua kwa nini inanyamaza. Alipotuona aliinua kidole tusiongee.

"Ile tik niliisikia zamani," alinong'ona. "Mlikuwa hata hamjakaa vizuri. Nikamwambia mzee, na yeye akasema tusikate, tuendelee." Akashusha pumzi. "Lakini sasa kuna kitu kingine humu, mama. Kuna kitu kinalia."

Dada aliichukua simu. Alisikiliza akiwa amesimama, halafu akaegemea ukuta, halafu akashuka nao mpaka sakafuni, na akaniwekea mimi sikioni. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye hasira, inakuja inakatika, inakuja. Nyuma yake feni. Mtu alikuwa anagonga ganda kutoka ndani na anawalaumu wote waliomchelewesha.

Ndipo dada alipolia. Hakulia kwa machozi ya pembeni ya mtandio. Alilia kwa sauti, msiba mzima uliokuwa umemkaa kifuani, anamwita mama yetu kwenye korido ya serikali mbele ya watu wenye mafaili. Waliokuwa benchini walisimama, wakadhani shauri limetuendea vibaya, na mwanamke mmoja tusiyemjua akaja kumshika bega. Mjomba alisimama mbali, kofia mkononi. Mimi nami nililia, na sioni aibu kulisema.

Vifaranga waliotoka baadaye hawakufika nusu ya trei, na wiki hiyo hiyo shemeji alilipa ada ya mwaka mzima bila kuombwa, akaniletea risiti niione kana kwamba mimi ndiye mwenye wingu. Lakini wakati ule alikuwa bado amesimama kwenye kile chumba, mkono umemfa ganzi kwa kubana simu kwenye mlango wa mashine muda wote tuliokuwa ndani, na simu ile ni yeye aliyeipiga. Tulimsikia akikohoa, anatafuta la kumwambia mkewe.

"Mama watoto," alisema mwishowe, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao. "Lia polepole basi. Salio linaisha."

Na kweli likaisha.